Sisi Gani? Uhakiki wa Barua ya Watu 75

Katika somo la tafsiri muhula uliopita, kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua hati moja rasmi inayohusu nchi yake, aitafsiri kwa Kiswahili, kisha aeleze matatizo aliyokumbana nayo. Wenzangu wa Uganda walichagua vifungu vya katiba. Mrundi mmoja alichagua sehemu ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000. Mimi natoka Sudan Kusini, nikachagua barua.

Barua yenyewe ni ya tarehe 3 Mei 2012. Rais Salva Kiir Mayardit aliwaandikia viongozi 75, wengine wakiwa bado madarakani na wengine wameshatoka. Haikukusudiwa kusomwa na mimi wala na wewe. Ilivuja, na kufikia mwezi wa Juni vyombo vya habari vya nje vilikuwa nayo. Inasema kwamba kiasi kinachokadiriwa kuwa dola bilioni 4 hakina hesabu au, kwa lugha ya wazi, kimeibwa. Inawaomba waliozichukua fedha hizo wazirudishe, zote au sehemu yake, katika akaunti iliyofunguliwa Kenya. Atakayerudisha atapewa msamaha na jina lake litafichwa. Watakaolijua ni Rais na afisa mwingine mmoja tu.

Kwa msomaji ambaye haijui historia yetu, niseme kidogo. Vita vya pili vya Sudan vilianza mwaka 1983 na kumalizika kwa mkataba uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Watu wapatao milioni 2 walikuwa wamekufa. Mkataba ule uliipa serikali ya kusini takriban nusu ya mapato ya mafuta yanayochimbwa kusini. Serikali iliyokuwa jana msituni ikaamka asubuhi na mamilioni ya dola kila mwezi. Uhuru ulikuja tarehe 9 Julai 2011, na barua hii iliandikwa kabla mwaka haujatimia. Wakati huo nchi ilikuwa imefunga visima vyake vyote tangu Januari 2012 kwa sababu ya ugomvi na Khartoum kuhusu ada ya bomba, na mafuta ndiyo yaliyokuwa yakiingiza karibu asilimia 98 ya mapato ya serikali. Yaani hazina ilikuwa tupu, ndipo mwenye nyumba akakumbuka kuuliza chakula kimekwenda wapi.

Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu milioni 8.26 kusini. Gawanya bilioni 4 kwa idadi hiyo, utapata kama dola 484 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu ni muuguzi katika hospitali ya serikali mjini Juba. Tulikuwa watano nyumbani, kwa hiyo sehemu yetu ilikuwa zaidi ya dola 2,400. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia mama hesabu hiyo. Mimi sijamwambia.

Nirudi kwenye tafsiri, maana ndiko nilikokwama kwanza. Kiingereza cha wahasibu kina neno kwa fedha ambazo hakuna aliyezitolea hesabu. Mimi niliandika haraka: "fedha zimepotea." Mwalimu akalizungushia neno hilo wino mwekundu na kuuliza pembeni: "Zenyewe?"

Swali hilo la neno moja lilinichukua wiki nzima. Tunajua sote, tangu kidato cha kwanza, kwamba Kiswahili kina kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Katika kutendwa, mtenda anaweza kufichwa lakini nafasi yake ipo: fedha zimeibwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?" Katika kutendeka nafasi hiyo haipo kabisa. Kikombe kimevunjika, ukiuliza "kimevunjika na nani" utasahihishwa. Kitenzi "potea" hakina kiambishi cha kutendeka, lakini kwa mtu anayetaka kuficha mtenda kinafanya kazi ileile. Fedha zikipotea, hakuna mshtakiwa.

Kwetu lugha hii imeenea hadi haisikiki tena. Mwezi wa Februari 2024, bomba linalopeleka mafuta yetu hadi Port Sudan lilipasuka ndani ya Sudan, katikati ya vita vyao, na sehemu kubwa ya mauzo ikasimama. Watumishi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara, mama yangu akiwa mmoja wao. Ukiuliza, unaambiwa: bomba limepasuka. Ni kweli, lilipasuka. Hiki ni kitenzi cha kutendeka kilichotumika mahali pake. Tatizo ni kwamba kinasemwa kwa sauti ileile na kwa uso uleule kama "fedha zimepotea", "mradi umekwama", "barabara imechelewa". Maneno matatu ya mwisho yanajificha nyuma ya la kwanza. Bomba la chuma linaweza kupasuka usiku pasipo mtu. Dola haitoki benki bila saini.

Kwa upande huu, ni lazima niitendee haki barua. Haikuishia kwenye neno la wahasibu. Yenyewe inasonga mbele na kusema wizi. Rafiki yangu Mkenya niliyemsomea rasimu yangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwao Goldenberg ilikuja ikapita, Anglo Leasing ikaja ikapita, "na hata barua hatukuandikiwa." Ni rais gani katika kanda hii amewahi kuandika na kutia saini kwamba serikali yake imeiba? Nilijivuna kidogo, nakiri. Halafu nikaendelea kutafsiri, nikafika kwenye nafsi.

Barua inaanza na "sisi". Sisi tulipigania uhuru, haki na usawa. Marafiki zetu wengi walikufa. Tulipofika madarakani tukasahau tulichokipigania, tukaanza kujitajirisha kwa gharama ya wananchi. Haya ni maelezo yangu, si nukuu, lakini mpangilio wa mawazo ndio huo. Kisha, inapofika mahali pa kusema fedha zilikwenda wapi, "sisi" inatoweka. Fedha nyingi zimepelekwa nje na kuwekwa katika akaunti za kigeni: hapa ni kutendwa, bila mtenda. Baadhi wamenunua majumba, mara nyingi kwa fedha taslimu: hapa mtenda amerudi, lakini sasa anaitwa "baadhi". Na inapofika kwenye ombi, "baadhi" nao wanaondoka; anayezungumza ni serikali, inayotoa masharti na kuahidi msamaha.

Fuatilia safari hiyo. Kusahau kumefanywa na sisi sote. Kuiba kumefanywa na baadhi. Kusamehe kutafanywa na serikali. Rais yumo katika kundi la kwanza, hayumo katika la pili, na ni mkuu wa la tatu. Ukiisoma barua mara moja unaona unyenyekevu. Ukiisoma kama mwanafunzi wa sarufi, unaona mtu aliyeungama dhambi ndogo ya kusahau, akaikwepa kubwa, akatoka upande wa pili akiwa hakimu.

Katika isimu tunasoma kwamba ziko lugha zenye "sisi" mbili: moja inamhusisha anayesikiliza, nyingine inamwacha nje. Kiswahili hakina, Kiingereza hakina. Natamani barua ile ingeandikwa katika lugha kama hizo, tungejua mara moja. "Sisi" iliyopigana ilikuwa kubwa: ilikuwa na wanawake waliobeba risasi vichwani, na watoto waliotembea hadi Ethiopia kisha Kakuma. "Sisi" iliyofika madarakani ni ndogo. Barua inatumia neno moja kwa zote mbili, na hapo ndipo wafu wanapogeuzwa kuwa mashahidi wa utetezi. Kwetu, kiongozi akibanwa kuhusu fedha, hujibu kwa kutaja miaka aliyokaa msituni. Ni kama fundi anayeulizwa ziko wapi bati za shule, akajibu kwamba yeye ndiye aliyechimba msingi.

Neno la tatu lililonisumbua ni msamaha. Kwa Kiswahili, msamaha una pande mbili: aliyekosa na aliyekosewa. Aliyekosa huja, husema alichofanya, huomba. Aliyekosewa ndiye anayetoa. Katika barua ya watu 75 hakuna aliyekuja, hakuna aliyesema, na anayetoa msamaha si aliyeibiwa. Mama yangu ndiye aliyeibiwa, na muuguzi mwenzake, na mgonjwa aliyeandikiwa dawa akaambiwa akanunue nje. Wao hawakuombwa. Sina hakika hata kama "msamaha" ni tafsiri sahihi. Nilijaribu "kinga", nikajaribu "kutoshtakiwa". Mwishowe niliacha "msamaha" na kuweka maelezo chini ya ukurasa, jambo ambalo mwalimu wetu hulichukia.

Lakini sehemu ninayoiona kuwa mbaya kuliko zote ni siri, na hapa wenzangu wengi hatukukubaliana. Wao waliona siri kama huruma, au mbinu: ukimwaibisha mwizi hatarudisha kitu. Barua yenyewe inadai kwamba dola milioni 60 zilikuwa zimesharudishwa, kwa hiyo huenda wana hoja. Mimi naisoma tofauti. Orodha ya majina 75 iliyofungiwa katika droo ya Rais si huruma. Ni madaraka. Mwizi aliyetangazwa ni mali ya mahakama. Mwizi aliyefichwa ni mali ya anayemficha. Atakayekaidi anajua droo inaweza kufunguliwa. Orodha ile haikuwahi kutangazwa.

Angalia yaliyofuata. Juni 2013 Rais aliwasimamisha kazi mawaziri wawili waandamizi kwa sababu ya malipo ya karibu dola milioni 8, yaliyosemekana kuwa ya kununulia makasha ya chuma ya kuhifadhia fedha. (Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu maktabani: fedha zilipotea zikienda kununua vya kuhifadhia fedha.) Mwezi uliofuata alilivunja baraza zima la mawaziri na kumwondoa makamu wake, Riek Machar. Tarehe 15 Desemba 2013 risasi zililia Juba, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Sisemi kwamba kesi ya makasha ndiyo iliyoleta vita. Mambo yalikuwa mengi na ya zamani. Nasema kwamba majina yalitoka gizani wakati ugomvi wa madaraka ulipopamba moto. Na mmoja wa mawaziri wale wawili alirudi barazani mwaka 2016, baada ya mkataba wa amani, akiwa waziri wa mambo ya nje. Kama alikuwa na hatia, kwa nini alirudi? Kama hakuwa nayo, kwa nini alisimamishwa? Mwananchi hakupewa jibu la swali lolote kati ya hayo mawili.

Tume ya kupambana na ufisadi tulikuwa nayo. Sheria yake ya mwaka 2009 iliipa kazi ya kuchunguza. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 ikaiongezea mamlaka ya kushtaki. Lakini sheria haikubadilishwa upesi ili ilingane na katiba, kwa hiyo tume ikawa mbwa aliyeruhusiwa kung'ata kwenye karatasi moja na kukatazwa kwenye nyingine. Basi kazi ambayo ingekuwa ya tume na mahakama ilifanywa kwa barua.

Nilipowasilisha kazi hii darasani, mwenzetu mmoja alisema maneno ambayo nimeyasikia tangu utotoni: "Nchi yenu bado changa. Mpeni muda." Anasema kwa nia njema. Lakini nchi ilikuwa changa, watu hawakuwa wachanga. Mwaka 2005 chama cha SPLM kilikuwa na umri wa miaka 22, kilikuwa kimeendesha vita, diplomasia na misaada ya chakula. Na tazama hadithi ya dura, jina tunalouita mtama. Kuanzia mwaka 2008, serikali ikihofia njaa, iliingia mikataba na makampuni mengi ya kuleta mtama na kujenga maghala majimboni. Malipo yalitoka. Nafaka nyingi haikufika, na maghala mengi hayakujengwa. Kusajili kampuni, kuandika mkataba, kupata saini ya wizara na kutoa fedha benki si makosa ya utotoni. Ni ustadi.

Nilisoma sekondari Kenya, katika shule ya bweni, na tamthilia ya *Kigogo* ya Pauline Kea ilikuwa kitabu cha kutahiniwa. Tulimjua Majoka kama tunavyomjua jirani. Tuliandika kurasa kuhusu uongozi mbaya wa Sagamoyo na kupata alama nzuri. Leo naona jinsi mtihani ule ulivyokuwa rahisi. Mwovu ana jina, anasimama jukwaani na kusema uovu wake kwa sauti. Hatukufundishwa kuhakiki maandishi ambayo mwovu ni kitenzi kisicho na mtenda.

Na hapa lazima niseme nilipo mimi, kwa sababu mhakiki anayemuuliza mwingine "sisi gani?" anapaswa kulijibu swali hilo kwanza.

Karo ya shule ile ya bweni ililipwa na mjomba wangu. Namwita Khal, kama tunavyosema Juba. Ni mkurugenzi katika wizara moja. Kila muhula, kwa miaka minne, fedha zilifika kwa wakati, wakati mshahara wa serikali ulikuwa haufiki, na hata ulipofika haukutosha kulisha nyumba kwa wiki mbili. Kiswahili ninachoandikia makala hii nilikipata pale.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani na tafsiri yangu mkononi. Khal aliishi Kenya wakati wa vita na anasoma Kiswahili polepole. Aliisoma yote barazani, jenereta ya jirani ikinguruma, akanirudishia.

"Barua hii haikunifikia," alisema. "Iliandikwa kwa watu wakubwa. Mimi ni mtu mdogo."

Nikamuuliza, kwa heshima niliyoweza, kama mtu mdogo hana barua yake.

Hakukasirika. Alisema: "Mtoto wa dada yangu, mshahara wangu haujatoka miezi mingapi? Wa mama yako? Na karo yako ilikosekana muhula gani? Hukuwahi kuuliza. Umemaliza kusoma, ndipo unauliza."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo ninapoandika sina. Niliona tu kwamba barua ya watu 75 ilikosea pia katika hesabu. Inamfanya mwizi kuwa mtu wa juu, mwenye akaunti nje. Haimwoni mkurugenzi asiyelipwa ambaye wizara humlipa kwa njia nyingine, wala mpwa wake aliyeko bweni. Wakubwa wakila kwa saini, wadogo huachiwa wale kwa ujanja, na kila anayekula ana watoto wa dada. Serikali isiyolipa mishahara inamnunua kila mtu kidogo kidogo, kisha hakuna anayethubutu kuuliza, kwa sababu kila mmoja ana karo yake.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025, tume ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu kuhusu Sudan Kusini ilitoa ripoti. Inasema serikali imepata zaidi ya dola bilioni 25 kutokana na mafuta tangu uhuru. Inasema pia kwamba katika mpango wa kubadilishana mafuta kwa barabara, kati ya mwaka 2021 na 2024 zilitolewa dola bilioni 2.2, na bilioni 1.7 kati ya hizo hazionekani katika barabara yoyote. Serikali ilizikataa takwimu hizo, na matatizo ya uchumi ikayaelekeza kwenye migogoro, mabadiliko ya tabianchi na kushuka kwa mauzo ya mafuta. Nililisoma jibu hilo nikiwa na kalamu nyekundu. Mwaka 2012 angalau palikuwa na "sisi", hata kama ilikuwa ya hila. Sasa hata hiyo imeondolewa. Yamebaki mambo yanayotokea.

Tafsiri yangu niliisahihisha na kuikabidhi. Pale pa "zimepotea" niliandika "zimeibwa", na pale pa "baadhi" nikaacha "baadhi", kwa kuwa mfasiri hana ruhusa ya kuongeza asichokiandika mwandishi. Mwalimu aliniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia bado.

Karo ya muhula ujao inatakiwa kabla ya mitihani. Khal ameshaniandikia kuuliza ni kiasi gani. Ujumbe wake una wiki mbili kwenye simu yangu, na sijaujibu.